Amplifaya ya Klasi D ya Kujijengea, Kuanzia Bukoba Hadi Visiwa vya Muleba

Kabla hujauliza bei ya bodi, jiulize umeme wako unatoka wapi. Mwenye LUKU pale Hamugembe au Kashai ana jibu lake. Mwenye paneli moja na betri huko Kamachumu ana lake, na mvuvi wa Goziba au Bumbire anayetegemea sola ileile iwashe taa na ichaji simu ana lake pia. Wengi huanzia upande wa pili. Wanaona bodi imeandikwa wati 200, wanainunua, wanaiunga kwenye betri ya volti 12, halafu wanashangaa mbona inakoroma sauti ikifika nusu. Bodi haina kosa. Hesabu ndiyo haikufanywa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kushika kichomeo cha kulehemu na kusoma mita, hata kama hajawahi kujenga amplifaya. Tutajenga amplifaya ndogo ya stereo yenye wati 15 za kweli kila upande kwa betri, au karibu 40 kwa chaja ya laptopu. Nguvu hiyo inatosha saluni, duka, sebule, banda la kuonyeshea mpira, au kwaya ya kigango.

Kwanza uelewe kwa nini nasisitiza klasi D. Amplifaya za klasi AB, ambazo zimejaa ndani ya sabufa tunazonunua madukani, huacha transista zake zikiwa zimefunguka kiasi, na umeme usiofika kwenye spika unaishia kuwa joto. Ndiyo maana zina vipande vikubwa vya alumini mgongoni. Transista ya klasi D haikai katikati: ama imefunguka yote, ama imefungwa yote, na inabadilika hivyo mara laki kadhaa kwa sekunde. Fikiria mtu anayepunguza maji kwa kuibana paipu kwa mguu, na mwenzake anayefungua na kufunga koki harakaharaka hadi ndoo ijae kwa kasi anayoitaka. Huyo wa pili hashindani na maji. Sauti ya muziki huandikwa kwenye urefu wa muda ambao transista inakaa wazi kila mara. Kisha koili na kapasita zilizo mlangoni mwa spika huondoa ule mtikisiko wa kasi na kubakiza muziki wenyewe.

Wazo hili si geni. Mwingereza Alec Reeves alilifikia miaka ya 1950, na mwaka 1964 kampuni ya Sinclair Radionics ikauza X-10, amplifaya ya klasi D iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi ajiunganishie nyumbani. Ilitoa wati 2.5 tu. Transista za wakati ule zilibadilika polepole mno kwa kazi hiyo. Zilipokuja transista za MOSFET za bei nafuu ndipo klasi D ikashika njia. Leo chipu moja isiyozidi ukucha hufanya kazi ambayo zamani ilihitaji boksi la kubebwa na watu wawili.

Faida yake hapa kwetu inaonekana kwenye betri. Chukua betri ya volti 12 yenye ampea-saa 70. Ndani yake kuna wati-saa 840, lakini usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo hesabu 420. Muziki hauchukui nguvu yote muda wote. Amplifaya ya wati 15 mara mbili, ikipigwa kwa sauti ya kushiba bila kukoroma, hutoa wastani wa kama wati 4 tu. Klasi D itavuta kama wati 6 kwenye betri ili itoe hizo 4. Klasi AB ya ukubwa uleule itavuta kama 16. Gawanya mwenyewe: saa 70 dhidi ya 26. Kwa mtu wa kisiwani ambaye jua likikosa siku mbili hana pengine pa kukimbilia, hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na redio na kutokuwa nayo.

Mwenye umeme wa gridi naye ana faida yake. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na Muleba umekuwa ukitoka Uganda, ukipitia Masaka hadi kituo cha Kyaka, na anayeishi mwisho wa laini ndefu anajua taa zinavyofifia jioni kila mtu akiwasha vyake. Amplifaya ya transfoma hupungua nguvu pamoja na taa. Chaja ya laptopu hupokea chochote kati ya volti 100 na 240 na kutoa volti 19 zilezile. Jirani zako watalalamika umeme umekuwa mdogo, muziki wako hautatikisika.

Kisha hesabu ya wati, ambayo nakuomba uiandike ukutani. Zidisha volti za umeme wako kwa volti hizohizo, kisha gawanya kwa omu za spika mara mbili. Kwa volti 12 na spika ya omu 4: 144 gawanya kwa 8, unapata 18. Punguza kama asilimia 15 zinazopotea njiani, zinabaki 15. Kwa spika ya omu 8 utapata 8 hivi. Kwa volti 19 na omu 4 ni kama 40; kwa omu 8, kama 20. Hiyo ndiyo nguvu iliyopo, iwe bodi imeandikwa 50, 100 au 1000. Hakuna chipu inayotoa wati ambazo umeme haukuzileta. Ukishaizoea hesabu hii, hutadanganywa tena na karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa sabufa.

Omu za spika usizikisie. Weka mita kwenye omu na upime nyaya mbili za spika ikiwa haijaungwa popote: ikisoma kati ya 3 na 3.7 hiyo ni ya omu 4. Ikisoma kati ya 6 na 7 ni ya omu 8. Isiposoma kitu, koili yake imekatika.

Bodi ipi, sasa. Kama ni mara yako ya kwanza kabisa, au unamfundisha kijana wa shule, anza na PAM8403. Ni ndogo kuliko kiberiti, inatumia volti 5 za chaja ya simu au pawabenki, na inatoa kama wati 3 kila upande kwenye omu 4. Isipewe zaidi ya volti 5.5, ukiiunga kwenye betri ya 12 inakufa papo hapo. Ukishaizoea, hamia kwenye TPA3116D2 ya Texas Instruments, ambayo ndiyo naipendekeza kwa kazi ya kila siku. Inafanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo inakubali betri, chaja ya laptopu na karibu kila kitu kilicho katikati. Ndugu yake TPA3118 hutoa joto lake kwa chini kupitia bodi yenyewe, na inatosha kwa spika za omu 8. Mimi nanunua bodi iliyokwisha kuunganishwa. Miguu ya chipu hizi ni myembamba sana, na kuilehemu mwenyewe kwa kichomeo cha kawaida ni kupoteza chipu. Kazi ya kujijengea iko kwenye umeme, nyaya, boksi na spika, na huko ndiko ubora wa sauti unakopatikana au kupotea.

Bodi zinapatikana Kariakoo, Mwanza na Kampala. Wa Bukoba wana njia zote tatu: basi la Dar, meli ya MV Victoria inayotia nanga Kemondo na Bukoba, na barabara ya Mutukula. Ukiagiza, mwambie muuzaji akupigie picha ya karibu ya zile kapasita kubwa za mviringo. Hapo ndipo bodi za ovyo hujulikana. Bodi inauzwa kuwa ya volti 24, huku kapasita zake zimeandikwa 25V. Zitavimba na kupasuka kabla mwaka haujaisha. Nunua zenye 35V, au ichukue hiyohiyo uitumie kwa volti 12 hadi 19 tu.

Na wenye sola ya volti 24 wasome hapa mara mbili. Betri mbili zilizofuatanishwa hazikai kwenye 24. Jua likiwaka vizuri na chaja inazijaza, zinafika volti 28.8. TPA3116 mwisho wake ni 26. Amplifaya itapiga vizuri usiku kucha, kisha inaweza kuungua saa tano asubuhi wakati hakuna aliyeigusa. Weka kati yake na betri bodi ya kushusha volti, uiweke kwenye 22, usiku na mchana. Wa betri moja ya 12 hawana shida hiyo, kwa sababu hata ikijazwa hufika 14.4 tu.

Kuna chanzo kingine cha umeme na cha boksi ambacho kipo karibu kila nyumba: sabufa iliyokufa. Nyingi zimejengwa kwa TDA2030 au chipu za jamii yake, na kinachokufa kwa kawaida ni hizo chipu, wakati spika, boksi na transfoma ni vizima. Toa bodi ya zamani, weka ya klasi D, na spika zilezile zitakushangaza. Ila angalia transfoma. Mara nyingi ina nyaya tatu upande wa kutolea, 12-0-12. Ukichukua mbili za nje ukazipitisha kwenye diodi nne za daraja unapata kama volti 33, na bodi inaungua hapo hapo. Fanya hivi: kila waya wa nje upite kwenye diodi yake moja, 1N5408 inafaa, ncha zenye mstari ziungane ziwe chanya, na waya wa katikati uwe hasi. Weka kapasita ya 4700µF 35V hapo. Utapata kama volti 16 ikiwa kazini, na zaidi kidogo ikiwa imetulia. Upande wa pili wa transfoma una volti 230 zinazoua. Chomoa plagi kabla ya kugusa, na funika maungio yake yote kwa mpira wa kubana.

Sasa nyaya. Toka kwenye chanya ya betri, pita kwenye fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu na betri, siyo karibu na amplifaya, kwa sababu kinacholindwa hapo ni waya usiwashe nyumba. Baada ya fyuzi, weka diodi ya 1N5408 kati ya chanya na hasi, mstari wake ukitazama chanya. Siku mtu akigeuza nyaya za betri, na atazigeuza, diodi itaifanya fyuzi ikatike na bodi itapona. Waya wa milimita 2.5 ndio wa kutumia kama betri iko mbali. Ukiweka waya mwembamba wa milimita 0.5 kwa umbali wa mita 5, amplifaya ikivuta ampea 4 unapoteza karibu volti moja na nusu njiani, yaani karibu robo ya nguvu ya sauti yako imepotea. Karibu na bodi lehemu kapasita ya 2200µF au zaidi. Hiyo ndiyo akiba ya pigo la ngoma.

Kosa linaloua bodi nyingi kuliko yote mengine nataka tulikalie. Kwenye amplifaya za zamani, waya hasi wa spika ni uleule hasi wa betri, na mafundi wamezoea kuunganisha hasi zote pamoja: kulia, kushoto, boksi la chuma, na hata bodi ya pikipiki au gari. Chipu za klasi D ninazozitaja hapa hazifanyi hivyo. Kila spika ina nyaya mbili na zote mbili zina umeme. Moja ikipanda nyingine inashuka, na ndiyo maana volti 12 zinaweza kutoa wati 15. Kwa hiyo alama ya kutoa iliyo kwenye tundu la spika si hasi ya betri. Usiiguse na boksi. Usiunganishe ya kulia na ya kushoto. Usipitishe spika mbili kwenye waya wa nyuzi tatu, na usitumie zile jeki za spika ambazo pete yake inagusa chuma cha boksi. Fundi mzuri wa miaka ishirini anaweza kuharibu bodi tatu kwa siku moja kwa mazoea tu, kwa hiyo kama unampelekea mtu mwingine akuunganishie, mwambie jambo hili kabla hajashika kichomeo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kufanywe bila spika. Tafuta balbu ya taa ya breki ya gari, ya volti 12 wati 21, uifuatanishe kwenye waya chanya wa betri. Ukiwasha, balbu imulike kidogo kisha izime: kapasita zimejaa, mambo sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Zima utafute, bodi bado nzima kwa sababu balbu imeukamata umeme. Balbu ikizima, pima kati ya kila tundu la spika na hasi ya betri. Utakuta kama volti 6, nusu ya umeme wako, kwenye matundu yote. Hapo utaona kwa macho kwa nini haziunganishwi na hasi. Kisha pima kati ya matundu mawili ya spika moja: inatakiwa karibu na sifuri, chini ya milivolti 50. Ikisoma volti nzima, usiweke spika, koili yake itaungua. Yakiwa sawa yote, toa balbu, unga spika, fungua sauti polepole.

Wimbo wa kujaribia uwe ule unaoujua kwa moyo. Mimi hutumia sauti ya mwimbaji Saida Karoli, kwa sababu sikio la mtu wa Kagera halidanganyiki juu ya sauti ile, na baada yake nanga ya Kihaya, ambayo nyuzi zake nene zinaonyesha mara moja kama spika imeungwa kinyume. Nyuzi zikisikika hafifu na hazina mahali pa kukaa, geuza nyaya za spika moja.

Boksi la amplifaya liwe la chuma. Dekoda au deki ya DVD iliyokufa inafaa kabisa, matundu ya nyuma yapo tayari. Sababu yake ni redio. Bodi hizi zinabadilika mara 400,000 kwa sekunde na zaidi, na nyaya zake zikiwa wazi hurusha kelele kwenye redio iliyo pembeni. Anayesikiliza kituo cha mbali chenye mawimbi dhaifu atakijua kikipotea. Sokota nyaya za spika kila jozi pamoja, zifanye fupi, na kama una ile pete nyeusi ya feraiti inayokuwa kwenye waya za kompyuta za zamani, zipitishe humo.

Ukiweka bodi ndogo ya bluutuzi inayokula umeme wa betri uleule, karibu hakika utasikia mluzi unaobadilika kila simu inapotafuta. Si bodi mbovu. Hasi mbili zimekutana kwa njia mbili. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kutenganisha umeme, kinachoitwa B0505S, kinachopokea volti 5 na kutoa volti 5 zisizogusana na zile za kwanza. Nguvu yake ni wati 1, inatosha bluutuzi na si zaidi.

Alumini ya kupozea kwenye TPA3116 inakaa juu ya chipu. Hakikisha imebanwa kwa skrubu na ina mafuta ya kupitisha joto chini yake. Zinazogundishwa kwa gundi huachia. Ikiwa vizuri, baada ya saa nzima ya muziki iwe vuguvugu tu, unaweza kuishika. Feni sikushauri. Inavuta vumbi, na kwa wanaokaa ufukweni au visiwani inavuta wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, nao wakifa ndani ya boksi na unyevu wa Bukoba ukiwaloanisha, shoti haiko mbali. Toboa matundu madogo juu na chini, uyafunike kwa wavu wa madirisha kwa ndani. Mende nao wanapenda joto.

Kwa vigango na misikiti inayotumia honi, tazama kwanza maandishi ya nyuma. Honi iliyoandikwa 100V ina transfoma ndani na haitafaa kuungwa moja kwa moja kwenye bodi hizi. Iliyoandikwa omu 16 inafaa, ila kumbuka hesabu: kwa volti 12 itapata wati 4 tu. Pandisha volti hadi 24 kwa bodi ya kupandishia na itapata kama 15, na honi kwa wati 15 husikika mbali sana, kwa sababu hugeuza umeme kuwa sauti vizuri kuliko spika ya boksi. Usiipe sauti nene, itapasua utando wake. Fuatanisha kapasita isiyo na upande, 33µF, kwenye waya mmoja wa honi; itapunguza sauti zilizo chini ya hezi 300, na sauti ya msomaji au muadhini itakuwa safi zaidi.

Radi za ukanda huu wa ziwa hazina mfano, Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Hakuna fyuzi wala diodi inayozizuia. Wingu likianza kuwa jeusi juu ya ziwa, chomoa chaja ukutani na chomoa waya wa antena ya redio au TV kama umeunganishwa na amplifaya. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Amplifaya hii ikikaa miezi michache bila tatizo na ukahisi unahitaji sabufa nzito zaidi, usikimbilie bodi za IRS2092 zenye umeme wa volti 50 chanya na 50 hasi. Hizo zinahitaji ulinzi wa spika na mikono iliyozoea. Nunua TPA3116 ya pili ambayo pande zake mbili zimeunganishwa kuwa moja tangu kiwandani, iendeshe sabufa peke yake kwa chaja yake ya volti 19 na spika ya omu 4 au hata 2, na uiache ile ya kwanza iendeshe spika ndogo za kulia na kushoto.